Likizo na Ujenzi wa Nyumba Kihambani

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Desemba, barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari yanayoelekea upande mmoja. Mabasi na magari madogo hupita Chalinze, Korogwe na Same yakiwa yamebeba, pamoja na watu, vitasa vya milango, ndoo za rangi, misumari na mabomba ya maji. Abiria wake wengi ni Wachagga wanaorejea kwao mlimani kwa ajili ya sikukuu. Watani wao wa makabila mengine wameifanya safari hiyo kuwa mzaha wa taifa zima, na Wachagga wenyewe hucheka pamoja nao.

Mzaha una mahali pake, lakini nyuma ya mzaha huo imo historia inayostahili kusomwa. Kwa nini mtu aliyefanya kazi miezi kumi na mmoja azitumie siku zake chache za mapumziko kusimamia mafundi na kuhesabu matofali? Kwa nini ajenge nyumba mahali ambapo hatalala zaidi ya juma mbili kwa mwaka? Wako wanaojibu upesi kwamba ni majivuno ya fedha. Jibu hilo halitoshi. Insha hii inakusudia kuonyesha kwamba nyumba ya likizo ni jawabu la watu waliolazimika kuondoka, walilolitoa mbele ya kanuni ya kale iliyosema kuwa ardhi ni ya yule akaaye juu yake.

Hatuna budi kuanza na ardhi yenyewe. Katika miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Kilimanjaro, kuanzia Siha na Machame, kupitia Kibosho, Uru, Kilema na Marangu, hadi Rombo, watu hawakuishi katika vijiji vya nyumba zilizobanana. Kila jamaa ilikaa katikati ya kihamba chake. Kihamba ni bustani ya migomba iliyopandwa chini ya kivuli cha miti mirefu, na chini ya migomba hiyo hupandwa magimbi, viazi vikuu, maharage, na tangu zama za ukoloni, kahawa. Ng'ombe na mbuzi hufungwa zizini na kuletewa majani, na samadi yao hurudishwa kwenye migomba. Maji yaliletwa kwa mifereji iitwayo mifongo, iliyochimbwa kutoka kwenye vijito vya juu na kutunzwa kwa kazi ya pamoja. Mfumo huo ni wa hekima kubwa, hata mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuweka mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia.

Kihamba hakikuwa shamba tu. Kilikuwa pia kaburi la wazee. Waliokufa walizikwa humo humo, karibu na mahali walipoishi, na walio hai waliendelea kuwahesabu kuwa wamo katika ukoo. Petro Itosi Marealle, aliyekuwa mangi wa Marangu, aliandika kwa Kiswahili kitabu alichokiita Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Jina hilo peke yake latosha kutukumbusha kwamba, kwa fikra za wazee hao, maisha ya pande hizo mbili yalikuwa ni habari moja. Mipaka ya kihamba iliwekwa kwa mimea ya masale, na jani la isale ndilo lililopelekwa na mkosaji alipokwenda kuomba msamaha. Mmea mmoja ulitenganisha ardhi na kupatanisha watu.

Sasa tuitazame nyumba iliyosimama katikati ya kihamba hicho. Nyumba ya kale ya Mchagga ilikuwa msonge. Ilijengwa kwa miti na fito, ikaezekwa kwa nyasi au kwa majani makavu ya mgomba hadi karibu na ardhi. Ndani yake walikaa watu na mifugo pamoja. Katikati yalikuwapo mafiga, na juu yake dari ya kuhifadhia kuni na chakula. Vifaa vyote vilitoka mlimani. Majirani walikusanyika, wakaleta miti, kamba na nyasi, wakaisimamisha nyumba kwa siku chache, na mwenye nyumba akawashukuru kwa mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi.

Nyumba hiyo ilikuwa na tabia moja ambayo msomaji hana budi kuikumbuka, maana ndiyo msingi wa hoja yetu. Haikuweza kuishi bila mtu. Moshi wa mafiga ndio uliokausha paa na kuwafukuza wadudu. Moto ulipozimika, nyasi zilioza, fito zikaliwa, na baada ya misimu michache ya masika nyumba ilianguka. Vivyo hivyo kihamba kilichoachwa kilirudi kuwa pori, na mangi angeweza kukitoa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo kuwa na nyumba na kuwapo nyumbani lilikuwa jambo moja. Hakuna aliyeweza kumiliki nyumba kwa mbali.

Mabadiliko yalianza mwishoni mwa karne ya 19. Wamisionari Wakatoliki walifika Kilema na Kibosho, na Walutheri wa Leipzig wakafika mwaka 1893 na kuanzia kazi Machame. Pamoja na dini yalikuja mambo mawili mengine: shule na mbuni. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza iliunganishwa na reli ya Kenya kwa njia ya Voi. Baada ya vita hivyo wakulima Waafrika walipanda kahawa kwa wingi, ijapokuwa walowezi wengi walipinga. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wakulima wenyeji, ambacho Joseph Merinyo alikuwa mmoja wa viongozi wake, na mwaka 1933 kikafuatiwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, yaani KNCU.

Kahawa ilileta fedha, na fedha zikajenga shule na nyumba za mabati zenye pembe nne. Lakini mbuni si kama ulezi; ukipandwa hukaa miaka mingi, na mwenye kuupanda hataki kuondoka mahali pake. Ardhi ambayo zamani ingeweza kugawiwa upya, sasa ilishikwa kwa nguvu. Wakati huo huo watu waliongezeka. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa Mkoa wa Kilimanjaro, ambao ni wa Wapare pia, ulikuwa na watu wapatao 650,000. Mwaka 1978 walizidi 900,000, na mwaka 2022 walizidi 1,860,000. Mlima haukuongezeka hata hatua moja.

Hapo ndipo desturi ya urithi ilipokuwa na makali. Kwa kawaida mtoto wa kwanza wa kiume alitangulia kutengewa kihamba, na kitinda mimba alirithi nyumba ya wazazi kwa kuwa ndiye aliyebaki kuwatunza. Wana wa katikati walitazamiwa kupata ardhi mpya, na katika siku za babu zao ardhi mpya ilikuwako. Ilipokwisha, ndugu hao ndio wengi wao waliochukua njia. Wengine walikwenda kuwa walimu, makarani, wauguzi na mafundi. Wengine walifungua maduka katika miji na vituo vya biashara kote nchini. Bei ya kahawa ilipoanguka baada ya mapatano ya kimataifa ya kugawana soko kuvunjika mwaka 1989, hata wale waliokuwa na mibuni walianza kuwaambia watoto wao watafute riziki mahali pengine.

Basi tazama hali ya kijana wa katikati aliyekuwa karani Tabora au mwenye duka Mbeya. Alikuwa na mshahara, lakini hakuwa na moto wa kuwasha mlimani. Kwa kanuni ya zamani, mtu asiye na moto hana nyumba, na asiye na nyumba ni mgeni katika kihamba cha babu yake. Wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa. Yeye hakukataa kwao. Kwao ndiko kulikokosa nafasi. Nyumba ya likizo ilizaliwa katika pengo hilo. Alimwomba baba yake au kaka yake kipande kidogo cha ardhi, pengine pembeni mwa migomba, akaanza kujenga.

Kwa nini Desemba? Yako majibu kadhaa yanayokutana. Kwa Wakristo, ambao ndio wengi mlimani, ni mwezi wa Krismasi. Ni wakati ambapo mavuno ya kahawa yanamalizika. Ni likizo ndefu ya shule, kwa kuwa mwaka wa masomo huanza Januari. Na tena yako mambo ya serikali yenyewe. Kanuni za utumishi wa umma humpa mtumishi likizo ya kila mwaka, na mara moja katika kila miaka miwili humlipia yeye na jamaa wanaomtegemea nauli ya kwenda kwao. Katika miaka yangu ya utumishi fomu nyingi za likizo zimepita mezani pangu, nami nimeona jinsi neno "nyumbani" lilivyoandikwa humo bila kusita na watu waliozaa na kulea mahali pengine kabisa. Serikali iliyowapeleka vijana wake kufanya kazi katika kila pembe ya nchi, ili tuwe taifa moja, ilikubali pia kwamba kila mmoja wao ana mahali alikotoka. Mambo hayo mawili hayakupingana.

Hata njia za usafiri zinashuhudia. Treni ya abiria ya Moshi ilisimama kwa zaidi ya miaka ishirini. Iliporejeshwa mwaka 2019, ilirejeshwa mwezi wa Desemba, na watu wa sikukuu wakaijaza.

Ujenzi wenyewe ulifuata mwendo wa likizo. Haba na haba hujaza kibaba: Krismasi moja ilichimba msingi na kuujaza mawe, ya pili ikapandisha kuta hadi kwenye linta, ya tatu ikapaua na kuezeka mabati. Milango, madirisha, lipu na sakafu vilingoja miaka mingine. Kuta zilizosimama bila paa, zinazoitwa boma kwa lugha ya mafundi, zilikuwa kama barua iliyotumwa ukoo mzima, kwamba mwenyewe yu hai, yuko kazini, na atarudi.

Historia ya taifa letu nayo imeandikwa katika kuta hizo. Katika miaka ya 1970 serikali ilihimiza nyumba bora, na Benki ya Nyumba ya Tanzania ilianzishwa kutoa mikopo. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1966, na cha Tanga kikaanza kazi mwaka 1980. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika, na mfuko wa saruji ukawa kitu cha kuombewa kibali. Nyumba nyingi zilisimama miaka kadhaa bila paa. Biashara ilipolegezwa, kuanzia mwaka 1984, mabati na nondo vikaonekana tena madukani, na nyumba zilizongoja zikaezekwa. Mwanafunzi anayejua kuuliza anaweza kusoma uchumi wa nchi kwa kutazama ni mwaka gani nyumba ya babu yake ilipata dari.

Lakini tusidhani kwamba likizo ilikuwa ya saruji peke yake. Siku hizo chache zilibeba mambo ya mwaka mzima. Harusi, ubatizo na kipaimara viliwekwa wakati huo ili ndugu wote wawepo. Mbuzi au ng'ombe alichinjwa, na nyama haikugawiwa ovyo. Kila kiungo kilikuwa na mwenyewe kwa kufuata umri na cheo cha mtu katika ukoo, hata mtoto aliyezaliwa mjini alijifunza nafasi yake kwa kuona nani amepewa nini. Wagonjwa walitazamwa, makaburi yalifagiliwa. Na wazee waliitisha kikao cha ukoo, ambako madeni yalihesabiwa, mipaka ilikaguliwa na ugomvi ulisuluhishwa. Kijana aliyetaka kujenga aliomba ardhi katika kikao kama hicho, mbele ya mashahidi. Nyumba yake ilianza kwa maneno kabla ya kuanza kwa mawe.

Sasa tumefika penye jambo gumu. Nyumba mpya ya tofali na bati ina nguvu ambayo msonge haukuwa nayo: yaweza kusimama bila mtu. Haihitaji moshi. Ukiifunga kwa kufuli mwezi wa Januari, utaikuta Desemba vile vile, na vumbi tu juu ya viti. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mlima huo, mtu anaweza kuwa na nyumba kwao bila yeye mwenyewe kuwa kwao. Hapo kale nyumba ilimlazimisha mtu awepo, lakini siku hizi yaweza kumpa ruhusa asiwepo, kana kwamba kuta zimekaa badala yake.

Matokeo yake yaonekana. Katika vihamba vingi imesimama nyumba nzuri iliyofungwa, na jirani yake, katika nyumba ndogo ya zamani, wanakaa baba na mama walio wazee, wakichota maji na kukata majani ya ng'ombe kwa mikono yao. Wao ndio walinzi wa nyumba ya mtoto wao. Wakifariki, nyumba zote mbili hubaki na kimya kimoja. Tena kila msingi mpya hukata migomba. Kihamba ambacho zamani kililisha jamaa nzima, kikigawanywa kwa ndugu wanne na kila mmoja akajenga, hubaki na nyumba nne na bustani isiyotosha hata jamaa moja. Hivyo watu waweza kuiharibu, kwa upendo, ardhi ile ile waliyojenga ili wasiipoteze.

Liko na suala la mabinti. Desturi ilihesabu kwamba binti ataolewa na kupata nyumba kwa mumewe, kwa hiyo hakutengewa kihamba. Lakini leo mabinti wengi ndio wanaoleta saruji hiyo, ndio wanaowauguza wazazi, na likizo ikifika ndio wanaotangulia kufika. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zilitamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Kikao cha ukoo kinachopokea tofali za binti na kukataa jina lake hakitetei mila; kinatafuta faida tu. Mila ya kweli ilimpa nyumba ya wazazi yule aliyebaki kuwatunza. Tukiifuata roho ya desturi hiyo, na si umbo lake tu, tutaona ni watoto gani wanaostahili.

Mambo haya si ya Wachagga pekee, ndiyo maana yanafaa kujadiliwa katika kitabu cha utamaduni wa taifa. Wahaya wa Kagera nao wana vibanja vyao vya migomba, wakavipenda na kuvirudia vivyo hivyo. Na karibu kila Mtanzania anayeishi mjini husema anakwenda "nyumbani" anaposafiri kwenda alikozaliwa baba yake, hata kama funguo za nyumba anayolala kila siku zimo mfukoni mwake. Neno hilo moja lina kazi kubwa katika lugha yetu. Tulijenga taifa ambamo mtu wa Rombo anaweza kufundisha Mtwara na mtu wa Masasi kutibu wagonjwa Moshi, na pote wakaitwa ndugu. Lakini hatukumtaka yeyote asahau makaburi ya wazee wake.

Tufanye nini basi? Kuacha kujenga si jawabu, kwa kuwa hamu ya kuwa na kwao ni hamu njema. Jawabu ni kurejesha kile ambacho msonge ulikidai, yaani uwepo. Mwenye kujenga na atengeneze kwanza paa la wazazi wake, ndipo aweke msingi wake. Ndugu wanne na wakubaliane kujenga nyumba moja kubwa ya ukoo, ili migomba ibaki. Nyumba iliyokamilika isifungwe mwaka mzima. Na iwekwe mtu ndani yake, pengine binamu asiye na mahali, au mwalimu wa kijijini anayetafuta pa kupanga, au mjane wa ukoo. Na mwenyewe akifika likizo asikae barazani kama mgeni. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ikiwa mgeni hupewa jembe, sembuse mwenye nyumba?

Kwa walimu na wanafunzi, likizo ni nafasi ya kufanya utafiti usiohitaji fedha. Mwanafunzi anayekwenda kwao Desemba, popote palipo kwao, na achukue daftari. Amwulize bibi nyumba ya kwanza anayoikumbuka ilijengwa kwa vitu gani, na ni akina nani waliokuja kusaidia. Aulize mfereji ulichimbwa na ukoo gani, mpaka uliwekwa lini, na ni nani aliyeondoka kwanza, na kwa sababu gani. Majibu hayo hayamo katika vitabu vya shule, na wenye kuyajua wanapungua kila mwaka. Atakayeyaandika atakuwa amejenga nyumba ya namna nyingine, isiyokula migomba, ambamo ukoo wote unaweza kukaa pamoja.